Kitako cha Ndithini: Silaha Kuukuu Husomwa, Haisuguliwi

Niliitwa Ndithini kwenda kusoma. Sikuitwa kusoma hitima wala maulidi, maana wenyeji wangu ni Wakamba na ni Wakristo. Niliitwa nikasome kipande cha mti kisichozidi urefu wa mkono, kilichofungwa ndani ya gunia la katani na kuwekwa darini kwa zaidi ya miaka sitini.

Ndithini iko upande wa Masinga, katika Machakos. Mtu wa pwani akitaka kufika huko hulala garini kutoka Mombasa, akaamkia Nairobi, akashika njia ya Thika iendayo Garisa, kisha akaiacha lami na kuingia katika vumbi jekundu, miembe na mbaazi. Jua la huko ni kali kama letu, ila halina upepo wa bahari wa kulipoza. Tulikaribishwa chini ya mwembe, tukaletewa chai na muthokoi usio nyama, kwani wenyeji walikwisha kufikiri kabla yetu kwamba mgeni wao ni Mwislamu. Heshima hiyo sitaisahau.

Kipande hicho cha mti ni kitako cha bunduki ya vita ya Kiingereza, aina ya Lee-Enfield. Bunduki yenyewe haipo. Hapana mtutu, hapana mtambo, hapana chuma chochote cha kupigia risasi, na polisi wa huko walikwisha kukitazama wakasema si silaha. Ni kitako tu, chenye bamba la shaba kisigino chake, na kifungo cha shaba ubavuni, ukubwa wake kama sarafu ya shilingi ishirini.

Mwenye nyumba ni mzee wa miaka themanini na kitu. Baba yake aliandikwa katika Keya, yaani King's African Rifles, mwaka 1940, akapelekwa Uhabeshi, kisha Burma, akarudi salama mwaka 1946. Katika nyumba hiyo watoto na wajukuu wamekua wakiambiwa kwamba kitako kile ni cha bunduki aliyopigania Burma. Sasa amezuka mnunuzi wa vitu vya kale kutoka Nairobi. Amesema atakinunua kwa fedha nzuri, lakini ana masharti mawili: kwanza, kisuguliwe kwa msasa na kupakwa vanishi mpaka king'ae, pili, apewe barua inayosema kwamba kilikuwa Burma. Mjukuu wa yule askari ni mwalimu wa shule, na ana mtoto anayedaiwa ada ya chuo. Alikuwa amesoma makala zangu za vitu vya kale, akaniomba barua hiyo niiandike mimi, kwa kuwa jina langu hutoka gazetini.

Basi nilikwenda nikiwa na maswali mawili mkobani. Je, kitako hiki ni kile kinachosemwa? Na je, tukikisugua, tutakiongezea thamani au tutakiua?

BUNDUKI NA MAJINA YAKE

Wako watakaouliza: mshairi wa pwani ana nini na bunduki? Jawabu ni kwamba lugha yetu yenyewe ni ghala la bunduki kuukuu. Wazee wetu hawakusema "bunduki" wakaishia hapo. Walijua bunduki ya mrao, iliyowashwa kwa utambi wenye moto. Wakajua bunduki ya gumegume, iliyotoa cheche kwa jiwe. Wakajua bunduki ya fataki. Na mwisho wakajua bunduki ya viasi, iliyoshindiliwa nyuma kwa risasi na baruti zilizokwisha kufungwa pamoja. Kila jina ni zama. Mtu akikwambia babu yake alipigana kwa gobori, amekwisha kukutajia mdeki wa kushindilia, pembe ya baruti, na muda wa kusoma Fatiha baina ya mlio mmoja na wa pili.

Bunduki hizo ziliingia bara kwa mlango wetu. Majeshi ya Ulaya yalipopata bunduki mpya, zile za zamani ziliuzwa kwa bei ya chini, zikapakiwa majahazini na melini, zikaja Unguja, na kutoka Unguja zikafuata misafara ya pembe. Mwaka 1888 balozi wa Uingereza huko Unguja, Euan-Smith, alikisia kwamba bunduki baina ya 80,000 na 100,000 huingia Afrika kila mwaka kwa njia ya mwambao huu wa mashariki. Miaka miwili baadaye, katika Mkataba wa Brussels wa 1890, madola ya Ulaya yalikubaliana kuzuia bunduki mpya za viasi zisiuzwe kwa Waafrika, katika nchi zote zilizo baina ya digrii 20 kaskazini na 22 kusini ya ikweta. Gobori liliachwa, bunduki ya kisasa ikawa ya serikali. Tangu hapo, kwetu sisi, bunduki ya vita ilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe alikuwa taji.

Hata nchi ile ya Wakamba ina kisa chake. Mwaka 1851 mmishenari Johann Ludwig Krapf, aliyekuwa akikaa Rabai, alisafiri kuelekea mto Tana pamoja na Kivoi, mkubwa wa Wakamba aliyekuwa na biashara ya pembe na watu wa pwani. Wakavamiwa njiani, Kivoi akauawa, Krapf akakimbia porini peke yake. Alipoufikia mto hakuwa na chombo cha kuchukulia maji, basi akajaza maji mfuko wa ngozi wa darubini yake na mtutu wa bunduki yake. Bunduki ikawa kiriba. Mto huo ndio huu huu upitao Masinga. Nilipomsimulia mzee habari hiyo alicheka sana, akasema, "Mwanangu, huku kwetu maji yalikuwa na thamani kuliko baruti, na mpaka leo ni vivyo hivyo."

SANADI NA MATINI

Nilipokuwa mtoto chuoni tulifundishwa kwamba hadithi haipokewi kwa utamu wake. Wanavyuoni huitazama kwa pande mbili. Hutazama matini, yaani maneno yenyewe, kama yanasimama. Na hutazama sanadi, yaani mnyororo wa watu waliopokezana, fulani kutoka kwa fulani, kama haukukatika na kama kila mmoja ni mwaminifu. Matini nzuri yenye sanadi iliyokatika huitwa dhaifu, hata ikiwa imeandikwa kwa wino wa dhahabu.

Katika maisha yangu nimewaona watu kadha wanaotafuta silaha kuukuu, wengine wa makumbusho, wengine wa nyumba zao, wenye ruhusa. Walio wajuzi hufanya kazi ile ile ya wanavyuoni. Matini ya bunduki ni chuma chake, mti wake, mihuri na tarakimu zake. Sanadi yake ni habari: ilitoka kiwanda gani, ikapewa jeshi gani, ikaingiaje mkononi mwa huyu aliyenayo leo. Mnunuzi mjinga husikiliza hadithi kwanza, kisha akaitazama bunduki kwa jicho la hadithi. Mjuzi huanza na bunduki, kisha ndipo akasikiliza.

Na sanadi ya bunduki za Afrika Mashariki ina mitego. Mwaka 1914, vita vilipoanza, askari wengi wa Wadachi katika Tanganyika walikuwa wakitumia Mauser ya mwaka 1871, bunduki ya baruti nyeusi iliyotoa moshi ukamfichua mpigaji. Katika vita vya Tanga, Novemba 1914, waliteka kwa Waingereza bunduki kwa mamia. Miaka mitatu baadaye, Negomano, waliteka tena kwa Wareno. Jeshi la von Lettow-Vorbeck lilipoweka silaha chini huko Abercorn, mnamo Novemba 25, 1918, bunduki zilizokabidhiwa zilikuwa za Kiingereza na za Kireno. Sasa mtu akikuletea Lee-Enfield akasema, "Hii ilibebwa na askari wa Mdachi," usimcheke; yawezekana. Lakini pia usimwamini mpaka akuonyeshe mnyororo.

Mfano wa mnyororo usiokatika tunao Mombasa, Ngomeni. Ziko pale bunduki kubwa mbili za manowari: moja ya Königsberg ya Wadachi, na ya pili ya Pegasus ya Waingereza. Königsberg iliizamisha Pegasus hapo Unguja, Septemba 20, 1914. Nayo Königsberg ikateketea katika delta ya Rufiji, Julai 1915. Mizinga ya zote mbili ilitolewa, ikatiwa magurudumu, ikapiganishwa barani. Leo hasimu wawili wamesimama jirani, na watoto wetu huwapanda mgongoni. Tunajua habari zao kwa kuwa kila mkono waliopitia uliandikwa.

MTI, CHUMA NA TARAKIMU

Alhasili, tutazame matini. Nitaeleza kama nilivyomweleza mwalimu na mzee wake pale chini ya mwembe.

Bunduki ya Lee-Enfield hubeba cheti chake mwilini. Upande wa kulia, pale chuma kinapokishika kitako, hupigwa taji, herufi za mfalme, jina la kiwanda, mwaka na aina yake. Viwanda vilikuwa Enfield na Birmingham kule Uingereza, na pia Ishapore ya Bara Hindi na Lithgow ya Australia. Mshale mpana wenye vidole vitatu ni alama ya mali ya serikali. Ukikuta mishale miwili imegusana ncha kwa ncha, ujue bunduki hiyo iliuzwa, ikatoka katika mali ya serikali. Herufi D.P. zina maana ya bunduki ya gwaride tu, isiyofaa tena kupigia risasi.

Kisha kuna tarakimu. Nambari iliyo kwenye mwili wa bunduki yatakiwa iwe ile ile iliyo kwenye mtutu, kwenye bolti, na kwenye chuma cha mdomoni. Zikilingana zote, vipande hivyo vimekaa pamoja. Zisipolingana, bunduki hiyo imekusanywa kutoka maiti za bunduki nyingine. Hilo si dhambi, lakini lisemwe.

Mti nao husema. Mti wa asili, pale unapokutana na chuma, hukaa juu kidogo kuliko chuma. Pitisha kidole utausikia. Ukisuguliwa kwa msasa hushuka, ukalingana na chuma au ukawa chini yake, na pembe zake zilizokuwa kali zikawa butu kama sabuni iliyotumika. Mihuri iliyopigwa juu ya mti ndiyo hufa kwanza. Jeshi lilipaka mafuta ya kitani, ambayo huzama ndani ya mti. Vanishi hukaa juu na kumetameta kama kiatu cha bwana harusi. Na chuma kilichotiwa rangi upya hujisaliti kwa vitundu vya kutu: ukiona vitundu chini ya rangi mpya, ujue kutu ilitangulia na rangi ikafuata.

Lakini hapa pana jambo ambalo wengi hulikosea. Si kila badiliko ni uharibifu. Jeshi lenyewe lilizirudisha bunduki zake karakana, likatia mtutu mpya au mti mpya, likapiga muhuri na mwaka wa kazi hiyo. Bunduki ya namna hiyo si ya bandia. Ni askari aliyetibiwa hospitalini akarudi kazini. Hata ile Snider ya mwaka 1866 ilianza kama gobori, ikakatwa nyuma na kugeuzwa kuwa ya viasi. Kwa hiyo swali la mjuzi si "Je, haikuguswa?" Swali lake ni "Nani aliigusa, lini, na kwa nini?" Mkono wa fundi wa jeshi ni sehemu ya habari. Mkono wa mchuuzi mwenye msasa ni kufuta habari.

KIZURI CHAJIUZA

Penye bei hapakosi ghushi. Huko mipakani mwa Pakistani na Afuganistani, hasa katika mji wa Darra Adam Khel karibu na Peshawar, mafundi wamekuwa wakifua bunduki za Kiingereza kwa mikono tangu zama za Malkia Victoria. Kazi yao ni ya kusifika, lakini wengi hawakuisoma lugha waliyokuwa wakiichonga. Kwa hivyo utakuta jina la Enfield limekosewa herufi, au N imegeuzwa kisogo. Utakuta pia herufi V.R., za Malkia Victoria, zimepigwa pamoja na mwaka wa 1907 au 1915, ilhali Malkia alikufa Januari 1901. Mtu aliyefunzwa kutazama tarehe haibiwi hapo.

Jamaa zetu walioko Omani wanalijua jambo hili. Kule Martini ya zamani, ile ya wenzo chini, yenye kutia risasi moja moja, mpaka leo ni pambo la heshima katika ngoma ya razha, arusini na siku za Idi, na makumbusho ya Maskati yamehifadhi silaha za namna hii. Maskati palikuwa soko kubwa la bunduki mwishoni mwa karne ya kumi na tisa, kwa hiyo zimebaki nyingi, nzima na ghushi. Mzee mmoja wa huko aliniambia zamani: "Bunduki ya babu haing'ai. Inayong'aa ni ya dukani." Nasi husema, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

KITAKO CHENYEWE

Sasa turudi Ndithini. Mwalimu alikileta kitako akakiweka juu ya meza. Moyo ulinipasuka kidogo. Kile kifungo cha shaba cha ubavuni, ambacho jeshi lilikitumia kupiga jina la kikosi na nambari, kilikuwa kiking'aa kama sinia la harusi. Mwalimu, kwa kumtii mnunuzi, alikwisha kuanza kukisugua kwa majivu na ndimu. Simlaumu, hata sisi pwani ndivyo tunavyosafisha birika na sinia zetu. Lakini maandishi yaliyokuwa yamekaa miaka na miaka yalikuwa yamebaki kivuli.

Nikaomba karatasi nyembamba na penseli. Nikaifunika shaba kwa karatasi, nikapitisha penseli ubavu ubavu, polepole, kama watoto wanavyonakili picha ya sarafu. Zikatokea herufi K.A.R. Chini yake zikatokea tarakimu mbili za mwisho. Zilizotangulia hazikutokea tena, wala sasa hazitatokea. Mwalimu alinyamaza. Baadaye akasema, "Nimeifuta mwenyewe nambari ya babu." Nikamwambia, ulichokifuta ni nambari ya bunduki, ya babu bado tunaitafuta.

Kwani mambo mawili yalikuwa dhahiri. La kwanza, vifungo vile vya shaba viliacha kuwekwa wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza, ili kazi ya viwandani iende mbio. Kwa hiyo mti ule yamkini ni mkongwe kuliko askari mwenyewe, aliyezaliwa 1918. Hilo halizuii kuwa aliubeba, maana bunduki hizo zilitumika miaka mingi. La pili, kitako cha Lee-Enfield hushikwa na skrubu moja ndefu ipitayo katikati yake, na fundi hukibadilisha kwa muda mfupi. Kitako hakithibitishi mtutu uliokuwa mbele yake, seuze nchi ambayo mtutu huo ulipigana.

Nikamgeukia mzee. Nikamwambia, "Mzee wangu, matini nimeisoma. Sasa nipe sanadi. Marehemu baba yako alisema nini kwa kinywa chake?"

Mzee alikaa kimya akitazama miembe. Kisha akasema, "Mwanangu, baba hakusema alitoka nacho Bama. Ni sisi watoto tuliosema, tulipokuwa tukichunga mbuzi na kutambiana. Baba alisema hivi: baada ya vita alipewa kazi ya kutunza silaha katika kambi ya askari wa utawala. Kitako hiki kilipasuka, kikatiwa kingine, na hiki kikawa cha kutupwa jikoni. Akakiomba kwa mkubwa wake, akapewa. Alisema mkono wake umezoea kukishika, hakutaka kukiona kikiungua."

Nikakigeuza nikauona ule ufa, mwembamba, ukipita kwenye shingo ya kitako. Matini na sanadi zikakutana. Mzee alikuwa amesema kweli, na kweli hiyo ilikuwa imepunguza bei ya kitako mbele ya mwanawe mwenye deni la ada. Nilimwona mwalimu akiitazama ile karatasi ya penseli kwa muda mrefu. Hakuniomba barua tena.

HERUFI MOJA

Lilibaki jambo moja dogo. Juu ya kitako, kwenye mti wenyewe, ilikuwa imepigwa herufi S. Mzee aliionyesha kwa kidole. "Hii," akasema, "ni ya baba. Jina lake la ubatizo lilianza kwa herufi hii. Alijiandikia mwenyewe."

Hapo nilipata taabu. Herufi hiyo naijua. Jeshi la Kiingereza lilitengeneza vitako kwa urefu mbalimbali: vya kawaida havikupigwa herufi, virefu vilipigwa L, na vifupi vilipigwa S. Herufi ile ni ya kiwandani, haina habari ya jina la mtu. Nilikwisha kumwondolea mzee Burma. Je, nimwondolee na jina la baba yake? Nikawaza kunyamaza. Lakini nikakumbuka kwamba nilimwambia mwalimu asiandike uongo kwa ajili ya fedha. Basi vipi mimi niuache uongo kwa ajili ya kupendwa? Nikamweleza, kwa upole, herufi ina maana gani.

Mzee alinitazama, akakitazama kitako, kisha akaangua kicheko mpaka machozi yakamtoka. "Kifupi!" akasema. "Basi ndiyo maana mkono wake ulikizoea! Baba alikuwa mfupi, mwanangu. Alikuwa mfupi kuliko askari wote wa kambi ile. Walikuwa wakimtania kwamba bunduki ndiyo inayombeba yeye." Akakichukua kitako, akakitia begani, na kwa mara ya kwanza niliona kwamba yeye naye ni mfupi, na kitako kilimkaa sawasawa.

Tukafungua kile kijimlango kilicho kwenye bamba la shaba la kisigino, ambacho hakikuwa kimefunguliwa siku nyingi. Ndani mlikuwa na kichupa cha shaba cha mafuta ya bunduki, kama jeshi lilivyokiweka. Kikavu, lakini harufu ilikuwamo. Mzee alikinusa akasema, "Hii ndiyo harufu ya shati la baba." Mnunuzi hakuwa ameuliza habari ya kijimlango hicho.

SHERIA NA MOTO

Msomaji wangu, neno la nasaha. Nisieleweke kwamba nawahimiza watu waweke bunduki majumbani. Sheria ya Silaha ya Kenya, Sura ya 114, haijali kwamba bunduki ni ya babu. Asiye na cheti ana kosa kubwa. Mwenye kukuta bunduki kuukuu shambani au darini asiiguse mtambo wake, maana risasi ya zamani huweza kuwa hai. Aende kituoni, atoe habari, na akumbushe kwamba iko Makumbusho ya Taifa.

Wala sipingi silaha haramu kuteketezwa. Novemba 2016 serikali ilichoma silaha zaidi ya 5,000 huko Ngong, na kila moja iliyoungua huenda ni roho iliyosalimika. Ninachoomba ni kidogo: kabla ya moto, apite mtu mmoja mwenye kalamu, anayeweza kusoma. Pakiwa na Martini au Enfield iliyopita mikononi mwa askari wetu wa Keya, inyimwe uwezo wa kupiga, iandikwe, ipelekwe makumbushoni. Askari hao wengi hawakuacha vitabu. Chuma na mti ndio uliobaki na habari zao.

Na mwenye kitu kidogo kisicho silaha, kama kitako, medali, kofia au barua, afanye kama walivyofanya Ndithini. Wasikipige msasa. Wakifute vumbi kwa kitambaa kikavu na kukiweka pasipo mchwa wala unyevu. Wachukue daftari, wapige mstari katikati ya ukurasa. Upande mmoja waandike "Tulichokiona", na upande wa pili "Tulichokisikia", pamoja na jina la aliyesema na tarehe. Pande hizo mbili zisichanganywe. Ukurasa wa kwanza wa daftari lao mwalimu aliniomba niwaachie beti, nikaandika:

*Usisugue cha kale, kwanza soma maandishi,*
*Kina siri tele tele, za waliokwisha ishi,*
*Alama ziache vile, rangi mpya haitoshi,*
*Mng'aro wa juu ule, hupita mithili moshi.*

Mnunuzi alipopigiwa simu na kuelezwa kweli alisema hataki tena. Mbuzi wawili waliuzwa soko lililofuata, na ada ya kwanza ikalipwa. Kitako kimerudi ndani ya gunia lake la katani, pamoja na kichupa chake, ila hakikurudi darini. Kimewekwa chumbani mwa mzee, juu ya kabati, na mwalimu ameniandikia kwamba kila mgeni akija mzee hukishusha, akamwonyesha ile herufi, akamwuliza: "Unajua maana yake?" Kisha humweleza mwenyewe, kwa fahari, kwamba baba yake alikuwa mfupi.